Kukarabati Opinel ya Zamani: Mwongozo Kamili kwa Kisu Kilichokwama, Kilichoshika Kutu au Kilichochoka Mpini

Kilio ni kilekile. Mtu amepata Opinel ya zamani, kile kisu cha kukunja cha Kifaransa, ameisugua kutu, ameupaka mpini mafuta, kisu kinang'aa utadhani kimetoka dukani leo. Siku chache baadaye ubapa umekwama ndani ya mpini na kucha haiwezi kuuvuta. Kwa wengine ubapa unatoka, ila unacheza kushoto na kulia. Wengine wamebaki na vipande mezani: ubapa huku, mpini kule, na ribiti (kijiti cha chuma kinachoushikilia ubapa kwenye mpini) iliyopinda isiyorudi popote.

Matatizo haya yana mzizi mmoja. Watu huanza na chuma kwa sababu kutu ndiyo inayoonekana, wakati ugonjwa wa kisu hiki mara nyingi uko kwenye mbao. Mpini wa Opinel ni kipande kimoja cha mbao ya bichi (mti wa Ulaya uitwao beech) kilichochongwa mfereji mwembamba, na bichi ni miongoni mwa mbao zinazovimba sana zikinywa maji na kusinyaa sana zikikauka. Ubapa unaingia na kutoka humo bila springi yoyote ya kuusaidia. Mbao ikivimba kwa unene wa karatasi chache tu, kisu hakifunguki.

Kwa hiyo katika mwongozo huu mbao inatangulia, chuma kinafuata. Ninazungumzia Namba 8, ile yenye ubapa wa sm 8.5, kwa kuwa ndiyo iliyoenea kuliko zote. Kuanzia Namba 6 hadi Namba 12 utaratibu ni huohuo.

## Vifaa vya kuandaa kabla hujagusa kisu

Viweke vyote mezani kwanza. Kazi hii ikikatika katikati kwa kukosa kitu kimoja, ndipo mtu huamua kutumia bisibisi mahali pa koleo.

- Msasa namba 180, 240, 400, 600 na 1000
- Stilwaya laini kabisa, si ile nene ya kusugulia masufuria
- Koleo la kufungulia pete za springi (la mafundi magari linafaa), au bisibisi bapa ndogo mbili
- Siki nyeupe ya kawaida, tishu za jikoni na bikaboneti ya soda
- Spiriti ya kusafishia
- Rula nyembamba ya chuma au kadi ya zamani ya benki
- Penseli laini
- Mafuta ya kitani, yawe mabichi au yale "yaliyochemshwa" yanayouzwa kwa mafundi seremala
- Nta ya nyuki kipande kidogo
- Jiwe la kunolea lenye upande wa 400 na wa 1000, pamoja na mkanda wa zamani wa ngozi
- Nyundo ndogo, na kipande kizito cha chuma cha kuwa fuawe
- Selotepu pana ya kufunikia makali
- Barakoa ya vumbi

Grenda sikuitaja, na usiitafute. Sababu utaiona kwenye hatua ya kutu.

## Hatua ya 1: Kitambue kisu chako

Soma maandishi kwenye ubapa. Ukiona neno INOX, hicho ni chuma kisichoshika kutu, na sehemu kubwa ya hatua ya 5 haikuhusu. Ukiona CARBONE, au huoni neno lolote na ubapa una rangi ya kijivu yenye madoa, hicho ni chuma cha kaboni. Ndicho kinachoshika kutu haraka, na ndicho kinachonoleka vizuri zaidi kwenye jiwe la kawaida la nyumbani.

Kisha tazama shingo ya kisu. Opinel za leo, kuanzia Namba 6, zina pete ya nje inayozunguka na kufunga ubapa usijikunje kwenye vidole. Pete hiyo iliingia mwaka 1955. Kama kisu chako kina kola ya chuma (bamba linalokumbatia kichwa cha mpini) peke yake, bila pete ya kuzunguka wala dalili kwamba ilikuwapo, huenda umeshika kisu cha kabla ya hapo. Kisu cha namna hiyo kisafishe kwa kitambaa na mafuta, kikaushe, ukiache hivyo. Wakusanyaji wanathamini alama na rangi ya uzee, na msasa unafuta vyote viwili moja kwa moja.

Mwisho, shika ubapa karibu na taa uutazame mgongo na shingo. Mkwaruzo si tatizo. Ufa mwembamba unaokatiza ubapa karibu na ribiti ni tatizo lisilotengenezeka nyumbani, kwa kuwa hapo ndipo nguvu yote ya kukata inapokutana. Chenye ufa huo kiwe cha kumbukumbu tu.

## Hatua ya 2: Kausha mbao, kisha fungua kilichokwama

Kama ubapa umekwama ndani, usiuvute kwa plaizi. Plaizi huacha meno kwenye mgongo wa ubapa, na ukichomoka ghafla unakuja na vidole vyako.

Weka kisu mahali pakavu penye hewa, kivulini, kwa siku kadhaa. Si juani, wala si juu ya jiko. Mbao ikikaushwa kwa haraka nje hukauka kabla ya ndani, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua mpini kuanzia kwenye mfereji.

Kikishakauka, tumia mbinu ya watu wa Savoie, kule milima ya Alpi ya Ufaransa kisu hiki kilikozaliwa. Zungusha pete hadi mwanya wake ukae sawasawa na mfereji. Shika mpini katikati, vidole vikiwa ubavuni, visiwe juu ya mfereji. Gonga kitako cha mpini, upande wa mgongo, kwenye ukingo wa meza ngumu. Mgongo wa ubapa utachomoza kidogo, wa kutosha kuushika kwa vidole viwili. Usipochomoza kwa kugonga mara mbili tatu, mbao haijakauka. Rudisha kivulini.

Onyo ambalo wengi hulipuuza: usilowanishe kisu kwenye maji ya sabuni ili "kulainisha uchafu". Maji yanaingia kwenye mfereji, ambao ndani haujawahi kupakwa kitu, na kazi yako ya siku kadhaa inaanza upya. Uchafu wa mfereji toa kwa kijiti cha meno na kitambaa chenye spiriti kidogo.

## Hatua ya 3: Toa pete ya nje

Funga ubapa ndani ya mpini, kisha zungushia selotepu katikati ili usifunguke wakati unafanya kazi. Zungusha pete hadi mwanya wake uwe juu ya mfereji.

Ingiza ncha za koleo kwenye mwanya, panua kidogo, na usukume pete mbele, kuelekea upande wa ribiti, hadi itoke. Panua kiasi cha pete kulegea tu. Pete hii yenyewe ndiyo springi. Ukiipanua kupita kiasi itarudi ikiwa imelegea, na kufuli la kisu litakuwa la mapambo.

Huna koleo hilo? Ingiza bisibisi moja kwenye mwanya, nyingine chini ya ukingo wa nyuma wa pete, na inua taratibu kwa zamu. Weka kipande cha selotepu kwenye mbao kabla, maana bisibisi ikiteleza inachimba mpini.

Pete ikitoka utaona chini yake mstari wa uchafu mweusi na pengine kutu. Usishangae. Hapo maji hukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

## Hatua ya 4: Ribiti iache mahali pake

Hapa ndipo visu vingi hufia. Mtu ameona video, fundi anasaga kichwa cha ribiti, anaigonga inatoka, anatenganisha kila kitu. Inapendeza kutazama. Lakini ribiti ya Opinel inapita kwenye kola, mbao na shingo ya ubapa kwa pamoja, na imegongwa na kubanwa kiwandani kwa mkazo uleule kila upande. Kuirudishia mkazo huo kwa nyundo ya nyumbani ni kazi ngumu kuliko zote zilizobaki kwenye mwongozo huu, ukizijumlisha.

Ubapa unaweza kusafishwa wote ukiwa mahali pake. Mfereji unaweza kupanuliwa ukiwa mahali pake. Mpini unaweza kuchongwa, kutiwa rangi na kupakwa mafuta ukiwa mahali pake. Ribiti itolewe kwa sababu mbili tu: mpini umepasuka hadi chini ya kola, au unabadilisha mpini wote.

Kama ni lazima, fanya hivi. Saga kichwa kimoja cha ribiti kwa tupa hadi kiwe sawa na kola. Laza kola juu ya kipande cha mbao chenye tundu, tundu likiwa chini ya ribiti, na uisukume kwa msumari butu unaoingia kwenye tundu la ribiti bila kubana. Pima unene wa ribiti iliyotoka kwa vernia; usikisie. Ribiti mpya iwe fimbo ya shaba nyeupe au chuma laini ya unene uleule, na izidi kola kwa takriban milimita moja kila upande.

Wakati wa kuibana ribiti mpya, gonga kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi yanayozunguka ukingo wa ribiti, si pigo moja katikati. Kila baada ya mapigo mawili matatu, fungua na ufunge ubapa. Ribiti ikishabana kupita kiasi kuilegeza ni shida, ilhali kuongeza pigo moja ni rahisi siku zote. Umefika pale ubapa unaposimama wenyewe katikati ya njia, haudondoki ukiinamisha kisu, na hautikisiki ukiusukuma ubavuni.

## Hatua ya 5: Kutu

Kuna kutu ya aina mbili na kila moja ina dawa yake. Ile nyekundu inayoshika kidoleni ukiigusa ndiyo inayokula chuma. Hiyo lazima iondoke. Ile rangi ya kijivu au ya buluu iliyokolea, ambayo haitoki ukifuta, si adui. Ni ganda jembamba linalojitengeneza chuma cha kaboni kinapogusana na vyakula vyenye asidi, na linapunguza kasi ya kutu nyekundu kurudi. Wanaoisugua hadi chuma kiwe cheupe kama kioo wanakivua kisu nguo yake, halafu wanalalamika kwamba kimeshika kutu ndani ya wiki moja. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga au Unguja, penye hewa ya chumvi, wiki moja ni muda mrefu.

Anza na stilwaya laini yenye tone la mafuta. Sugua kwa urefu wa ubapa, kutoka shingoni kwenda nchani, mgongo ukiwa umeelekea kwako. Kutu ya juujuu itatoka yote kwa njia hii.

Iliyobaki ifunge kwa siki. Kunja tishu, ilowe siki lakini isidondoke, na uizungushe kwenye ubapa ukiacha nafasi ya kama sentimita moja kabla ya mbao. Kisu kielekeze ncha chini, ili siki isitambae kuingia shingoni. Fungua baada ya nusu saa, sugua kwa stilwaya, tazama. Rudia ikibidi. Usiiache usiku kucha: siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe, na asubuhi utakuta ubapa wenye mabaka.

Ukimaliza, futa kwa kitambaa chenye bikaboneti iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo ili kuua asidi, kisha kitambaa chenye maji safi, kisha kikavu, kisha mafuta. Yote haya kwa dakika moja au mbili, ubapa pekee.

Baada ya hapo utaona vidoa vyeusi vilivyozama. Hivyo viache. Kuviondoa maana yake ni kupunguza ubapa wote hadi ufike kina chao, na ubapa wa Namba 8 hauna hata milimita mbili za unene mgongoni. Kinachohitaji kushughulikiwa ni kidoa kilichoangukia kwenye makali, nacho kitaondoka chenyewe utakaponoa.

Ukitaka ubapa laini, zungushia msasa wa 400 kwenye kipande cha mbao, kisha 600, kisha 1000, ukisugua kwa mwelekeo mmoja. Funika alama ya mkono wenye taji kwa selotepu kabla hujaanza. Alama hiyo imechorwa kwa kina kidogo sana, na Opinel isiyo na mkono wake inapoteza sehemu ya thamani yake.

Na ile grenda? Chuma hiki kiliokwa kiwandani ili kiwe kigumu. Joto likipanda kupita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, ugumu unaanza kupungua. Makali ni membamba mno hivi kwamba grenda inayafikisha hapo kwa sekunde. Ukiona rangi ya manjano ya majani makavu imetokea kwenye makali, chuma kimeanza kulainika. Ukiona buluu, sehemu hiyo haitashika makali tena hadi uisage yote iishe.

## Hatua ya 6: Mfereji

Soma hatua hii mara mbili, maana ndiyo inayoamua kama kisu kitafunguka mwakani.

Watu wengi hutia msasa kwenye mfereji kwa kubahatisha, wakapanua pale ambapo hapakuwa na shida na kuacha pale panapobana. Matokeo yake ni mfereji mpana mdomoni na mwembamba ndani, ubapa unacheza na bado unakwama.

Tumia penseli. Paka grafiti pande zote mbili za ubapa hadi uwe mweusi unaong'aa. Funga polepole, fungua polepole, rudia. Sasa chungulia mfereji kwa tochi. Pale ubapa unapogusa mbao pataonekana alama nyeusi inayometa, mara nyingi upande mmoja tu, na mara nyingi karibu na kola au theluthi ya mwisho kuelekea kitako. Hapo, na hapo peke yake, ndipo msasa uende.

Kunja msasa wa 180 juu ya rula au kadi, upande mmoja tu uwe na msasa, ili usile ukuta usiohusika. Ingiza, sugua mara chache kwa urefu, toa vumbi, paka penseli tena, pima tena. Sakafu ya mfereji usiiguse.

Mpini ukiwa mkavu kabisa, ubapa uingie na kutoka kwa ulaini, na ukichungulia uone mstari mwembamba wa nafasi kila upande. Nafasi hiyo inaonekana kama uzembe wa fundi. Kumbe ni akiba ya masika. Mbao ikinywa unyevu wa Aprili itavimba ndani ya nafasi hiyo badala ya kuubana ubapa. Ukifanya kazi hii kipindi cha kiangazi, ongeza msasa kidogo zaidi ya unavyoona inatosha.

Malizia kuta kwa msasa wa 400. Mbao yenye manyoya hunywa maji haraka.

## Hatua ya 7: Umbo na rangi ya mpini

Sasa kisu kinafanya kazi, na hapa una uhuru wa kukifanya chako.

Msasa wa 180 huondoa vanishi ya zamani. Vanishi lazima iondoke yote, kwa sababu mafuta hayapenyi chini yake, na mpini utabaki na mabaka. Endelea na 240, kisha 400, kila mara kwa kufuata nyuzi za mbao. Funika kola kwa selotepu, na ubapa uwe umefungwa.

Ukitaka kubadilisha umbo, punguza kitako na mgongo kwa tupa ya mbao. Mbavu za mfereji ziache na unene wake. Kuta hizo zikiwa nyembamba hupasuka kisu kikidondoka kwenye sakafu ya saruji, na wengi wanaochonga mpini kwa kutafuta wepesi huishia hapo.

Kwa rangi nyeusi ipo njia ya kale isiyohitaji duka la rangi. Weka kipande cha stilwaya kwenye chupa ya siki, usikaze kifuniko, maana kuna gesi inayotoka. Baada ya siku mbili tatu chuja. Pika chai ya rangi iliyokolea sana, ipoe, na uipake mpini kwa brashi. Ikikauka, paka ile siki ya chuma. Mbao itageuka kuwa nyeusi mbele ya macho yako. Chai ndiyo inayobeba kazi: siki ya chuma hugeuka nyeusi inapokutana na tanini, na bichi yenyewe ina tanini kidogo. Ukiiruka chai utapata kijivu cha majivu.

Chai na siki zote zina maji. Paka nje tu, kwa brashi iliyokamuliwa, mfereji ukiwa umeelekea chini, na baada ya hapo acha mpini siku mbili nzima kivulini kabla ya hatua inayofuata.

Wengine wanapenda kupachika kitako cha mpingo au mninga. Inapendeza kweli, na vipande vidogo hupatikana kwa wachonga vinyago. Kata kitako cha bichi mahali ambapo mfereji umekwisha, gundisha kwa epoksi, bana kwa saa 24, kisha chonga vyote kwa pamoja. Vaa barakoa. Vumbi la mbao hizi huwasha pua na ngozi za watu wengi, na la mpingo ni jembamba kama poda.

## Hatua ya 8: Mafuta

Pima ukavu kwanza. Fungua na ufunge kisu: kama bado kinateleza kama ulivyokiacha hatua ya 6, endelea. Kama kimebana, maji bado yamo. Ukipaka mafuta sasa utayafungia ndani.

Pasha mafuta ya kitani kwa kuweka kikopo chake ndani ya bakuli la maji moto. Yakiwa vuguvugu hupenya vizuri. Paka kwa kitambaa, nje na ndani ya mfereji, ndani ukitumia kitambaa kilichozungushiwa rula. Acha dakika 20, kisha futa yote yaliyobaki juu hadi mpini uonekane mkavu. Mafuta yasiyofutwa hugeuka utando wa kunata, na utando huo ukiwa ndani ya mfereji unashika ubapa kama gundi.

Mafuta yaliyochemshwa hukauka kwa siku moja au mbili. Mabichi huchukua muda mrefu zaidi, kuanzia siku kadhaa hadi wiki. Rudia mara tatu au nne, kila mara yakiwa yamekauka.

Mafuta ya nazi yapo kila jiko la pwani na watu huniuliza kama yanafaa. Kwa mpini, hapana. Hayagandi hewani kama ya kitani, kwa hiyo hayajengi kinga yoyote ndani ya mbao, na yakikaa huchacha. Kwa ubapa unaotumika kila siku, tone lake halina ubaya.

Onyo la moto. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye pipa. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa hulifungia joto hilo hadi kiwake chenyewe, bila kiberiti, saa kadhaa baada ya wewe kwenda kulala. Vitandaze kimoja kimoja nje hadi vikauke, au vizamishe kwenye kopo la maji. Karakana na nyumba zimeungua kwa sababu hii.

Mwisho, yeyusha nta kidogo ndani ya mafuta, paka nje, sugua kwa kitambaa kikavu. Mpini uliofanikiwa haung'ai kama plastiki. Unakuwa na mng'ao wa chini, na tone la maji likidondoka juu yake linakaa kama shanga.

## Hatua ya 9: Rudisha pete

Safisha kutu ndani ya pete kwa msasa wa 600, tia tone la mafuta kwenye kola, na uirudishe kwa njia uliyoitolea. Fungua kisu, zungusha pete, kisha bonyeza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza, vidole vyote vikiwa nyuma ya mfereji. Ubapa usirudi nyuma hata kidogo.

Pete ikizunguka kwa ulegevu, itoe, ibane kidogo kwa plaizi iliyofunikwa kitambaa, ijaribu tena. Ubapa ukicheza ubavuni, laza kola juu ya fuawe na ugonge kichwa cha ribiti pigo jepesi, geuza, gonga upande wa pili, pima.

## Hatua ya 10: Noa

Ubapa wa Opinel ni mwembamba, na ukali wake unatokana na wembamba huo. Usiuharibu kwa pembe butu. Nyuzi 15 hadi 17 kila upande zinatosha.

Kupata pembe bila kifaa, pima upana wa ubapa. Ukiwa sm 2, mgongo uinuke juu ya jiwe kwa takriban milimita 5. Hiyo ni nyuzi 15. Ubapa uliosagwa kwa miaka ukabaki sm 1.5, inua milimita 4.

Lowesha jiwe, si kisu chote. Anza na upande wa 400, vuta kutoka shingoni hadi nchani kwa mgandamizo mdogo, upande uleule, hadi upitishe kidole kutoka mgongoni kwenda nje ya makali upande wa pili na kuhisi ukingo mdogo wa chuma umejikunja kwa urefu wote. Usipouhisi, hujafika. Watu wengi hugeuza kisu mapema, na ndiyo maana hunoa saa nzima bila kupata makali. Ukiuhisi, geuza, fanya upande wa pili hadi ukingo uhamie kwako. Kisha 1000, kwa mkono mwepesi zaidi, kisha mkanda wa ngozi, ukivuta mgongo ukitangulia.

Jaribu kwenye nyanya iliyoiva, bila kuikandamiza. Ubapa uzame kwa uzito wake.

## Hatua ya 11, kwa anayetaka: rangi ya kinga kwenye ubapa

Hii ni kwa chuma cha kaboni pekee. Futa ubapa kwa spiriti hadi usiwe na alama ya kidole. Uzungushie tishu yenye siki vuguvugu dakika 10 hadi 20, au uuchome ndani ya limau na kuuacha kwa muda huohuo. Utatoka kijivu. Safisha kwa bikaboneti kama hatua ya 5, kausha, paka mafuta. Asidi hutafuna makali kidogo, kwa hiyo rudi kwenye jiwe la 1000 kwa mivuto michache.

Au usifanye chochote, ule maembe na machungwa nacho kwa mwezi mmoja. Rangi inayokuja kwa matumizi hushika vizuri zaidi kuliko ya kulazimisha, na mimi huipendelea.

## Baada ya kazi

Mwezi wa kwanza, futa ubapa kila unapokata kitu chenye maji na ukaushe kabla ya kufunga. Kisu kisioshwe kwa kuzamishwa. Mafuta ya kitani kwenye mpini yarudiwe mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, mbao ikiwa kavu.

Kwa wasomaji walioko Uingereza: sheria ya huko inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisichojifunga chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sm 7.62. Opinel yenye pete huhesabiwa kuwa kisu cha kujifunga, hata ndogo, kwa hiyo kuibeba mtaani bila sababu ya msingi ni kosa. Na kokote unakosafiri kwa ndege, iingie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, si la mkononi.

Kikikwama tena mvua zikianza, usirudie kila kitu. Kausha kama hatua ya 2, paka penseli, tafuta alama inayometa, na upitishe msasa hapo pekee.